Ili Tujuane: Macho Yetu na Nyuso za Wenzetu



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Hebu niwaulize. Ni nani kati yetu hajapata kusema, "Wachina wote sura moja"? Tukasema, tukacheka, yakaisha. Basi jueni kuwa na wao huko kwao wanaona hivyo hivyo juu yetu. Wataalamu wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1960, na wamelikuta kwa weupe, kwa weusi na kwa watu wa Asia.

Je, tumezaliwa hivyo? La. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wachanga wa Kizungu huko Uingereza. Watoto wa miezi 3 waliweza kutofautisha nyuso za Wazungu, Waafrika, Wachina na watu wa Mashariki ya Kati. Wale wa miezi 9 walitofautisha za Wazungu wenzao tu. Hakuna aliyewafundisha chuki. Ubongo ulizoea nyuso wanazoziona kila siku, ukaziacha zile nyingine.

Utasema, "Basi si kosa letu." Sawa, lakini sikiliza madhara yake. Mwaka 1984, huko North Carolina, Marekani, msichana mweupe, Jennifer Thompson, alivamiwa usiku na kunajisiwa. Aliukazia macho uso wa yule mtu ili asiusahau. Kisha akamnyooshea kidole kijana mweusi, Ronald Cotton, akasema kwa yakini: ndiye huyu. Hakuwa yeye. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi mwaka 1995 uchunguzi wa DNA ulipomsafisha. Sababu za kosa lile zilikuwa zaidi ya moja, lakini hii ya macho kutozoea nyuso za wengine inahesabiwa miongoni mwake. Jennifer alimwomba msamaha, naye akamsamehe.

Sasa fikiria huku kwetu, mtu akipiga kelele "Mwizi!" na umati ukaokota mawe. Una yakini gani kuwa ndiye?

Lakini kuna habari njema. Wako watoto wa Korea waliolelewa na familia za Kizungu huko Ufaransa, wakienda wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 9. Walipopimwa ukubwani, walitambua nyuso za Wazungu vizuri zaidi kuliko za watu wa Asia. Kumbe ubongo hubadilika! Na hata mtu mzima akijizoeza husaidika. Ila kupishana njiani hakutoshi. Yataka umjue mtu mmoja mmoja.

Suratul-Hujurat, aya ya 13, inatukumbusha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Ndugu yangu, kujuana si kusalimiana tu. Mwezi huu mnasimama safu moja katika tarawehe, bega kwa bega, Mdigo, Msomali, Mnubi, Mluhya. Mnafuturu sinia moja. Je, yule wa kando yako unamjua jina? Ukikutana naye sokoni baada ya Idi, utamtambua?

Anza leo. Muulize jina, mtazame usoni, na kesho mwite kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.