Mzee Ndiye Mwenye Nyumba
Mazungumzo juu ya utunzaji wa wazee katika makaazi yao

Yafuatayo ni maneno kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.





Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Kabla ya kumuusia mtu yeyote, sina budi nikiri kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilifuatana na ujumbe uliokwenda kutoa zawadi katika nyumba moja ya wazee. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Niliwapanga wazee mbele ya magunia ya mchele na makatoni ya sabuni. Mzee mmoja alikuwa amevaa fulana iliyochakaa, akaniomba aende chumbani kwake akavae kanzu na kofia. Nilimjibu kwamba wageni wana haraka. Picha ikapigwa, ikatoka, na wakubwa wangu wakanipongeza. Picha ile ninayo hadi leo. Kila niitazamapo, namwona mzee yule ameinamisha uso wake. Tulimpa mchele, na papo hapo tukamnyang'anya heshima yake, tena ndani ya nyumba yake.

Ndugu wananchi, neno nililokuja nalo leo ni hilo moja tu: katika makaazi ya wazee, mzee ndiye mwenye nyumba. Sisi tunaoingia pale kwa mshahara, kwa ziara au kwa sadaka, ni wageni wake.

Nililifahamu jambo hili vizuri zaidi nilipofika Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera. Nilipelekwa kumwamkia bibi mmoja mkongwe aishiye kati ya migomba yake. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na wala hakuwa na mali ya kutajika. Hata hivyo, kabla hajaniuliza haja yangu, aliniletea buni zilizochemshwa na kukaushwa ili nitafune, kama ilivyo desturi ya Wahaya kwa mgeni. Nilizipokea kwa mikono miwili. Kwa kitendo kile yeye alikuwa mwenyeji, nami nikawa mgeni.

Nikajiuliza: je, bibi huyu akipelekwa kesho katika makaazi ya wazee, atapoteza nini kwanza? Chakula atapewa. Kitanda atapewa. Atakachokipoteza ni uwezo wa kumwambia mtu, "Karibu." Mtu asiyeweza tena kumkaribisha mwenziwe hujiona mzigo, hata akishiba.

Mkoa ule umepitia mtihani mkubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata mabibi na mababu wengi walizika watoto wao, wakabaki na wajukuu wa kulea. Tangu mwaka 2003, huko Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapatia wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Fedha zile ni kidogo, lakini mzee huzishika mwenyewe na kuamua mwenyewe: mwezi huu chumvi na sabuni, mwezi ujao daftari la mjukuu.

Nasi visiwani tunayo historia yetu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilichukua jukumu la kuwatunza wazee wasio na jamaa, na nyumba za Sebleni ni ushahidi wa uamuzi huo. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awali kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango hicho kikaongezwa kufikia shilingi 50,000. Hakuna anayetakiwa kuthibitisha ufukara wake ili alipwe. Umri wake unatosha. Hapo pana heshima kubwa.

Tukitazama nje ya mipaka yetu, Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Wazee tarehe 16 Disemba 1991. Kanuni hizo zinaeleza kwamba mzee aishiye katika makaazi ya kutunzwa habakishi haki zake mlangoni. Utu wake, imani yake, faragha yake, na haki ya kuamua juu ya matunzo yake vyote vinaingia pamoja naye. Kwetu sisi mafundisho haya si mageni. Wengi wetu tuliyasoma chuoni tukiwa wadogo, kwamba mzazi aliyezeeka hatakiwi kutolewa hata sauti ya kuchoshwa naye.

Basi, watumishi wenzangu, tutalitekelezaje jambo hili? Kwa mambo madogo yasiyohitaji bajeti. Tubishe hodi, tusubiri tuitikiwe. Tumwamkie mzee kwa shikamoo na tumwite kwa jina lake, wala tusimtaje kwa nambari ya kitanda au kwa maradhi yake. Anapooshwa, pazia lifungwe, na mwanamke aoshwe na mwanamke. Asiyeweza kula kwa haraka angojewe. Aulizwe anataka kulala saa ngapi na kuswali au kusali wapi. Fedha zake asizihesabu mtu mwingine bila ya yeye kuwepo. Aweze kumpikia mgeni wake kikombe cha kahawa. Na siku atakapofariki, azikwe kwa jina lake na kwa taratibu za dini yake, na wenzake waarifiwe wamsindikize.

Natambua kwamba mtunzaji naye ni binadamu. Mtu mmoja akiachwa usiku kucha na wazee wengi, anyanyue, aoshe, abadilishe mashuka, asubuhi huruma yake huwa imechoka pamoja na mgongo wake. Kwa hiyo, viongozi wa idara, tukitaka wazee waheshimiwe, tuwaheshimu kwanza wanaowahudumia: zamu zao ziwe za haki, glavu na sabuni zipatikane, na wanaposema wamezidiwa wasikilizwe.

Kwenu wananchi wa mitaa ya jirani nina ombi moja. Msingoje Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, ndipo mwende. Nendeni siku yoyote, mikono mitupu mkipenda, mkae mzungumze. Muulizeni mzee alifanya kazi gani ujanani mwake, na mpokee chochote atakachowakirimu. Na mkitaka picha, ombeni ruhusa. Akikataa, iwekeni kamera mfukoni.

Mzee wangu wa ile picha amekwishatangulia mbele ya haki. Sikupata kumwomba radhi. Ninachoweza kufanya ni kuwaambia nyinyi leo kwamba kuvaa kanzu kungemchukua dakika tano, na wageni wale wangeweza kungoja.