Kabla ya Kifaa Tumboni

Januari 2015 Marekani iliidhinisha kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini kutibu unene uliopitiliza. Kilituma umeme kwenye neva inayounganisha tumbo na ubongo, ili njaa ipungue. Kampuni nyingine ilibuni kifaa kilichotambua chakula kikiingia tumboni na kuweka kumbukumbu ya saa za kula, ambayo baadaye mgonjwa na daktari waliisoma pamoja. Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili Mloganzila ilianza mwishoni mwa 2022 kuwawekea wagonjwa puto tumboni bila kuwapasua. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mkazi wa Shanwe, hapa Mpanda mkoani Katavi, aliye mbali na Mloganzila, anastahili kusikia pia matokeo ya utafiti wenyewe.

Kifaa kile cha Marekani kilijaribiwa kwa watu 239. Wote walipasuliwa, wote walipewa ushauri wa kupunguza uzito, ila baadhi, bila kujua, waliwekewa kifaa kisichotibu. Baada ya mwaka, wenye kifaa halisi walipungua wastani wa asilimia 9.2 ya uzito wao. Wenye kifaa bandia walipungua asilimia 6. Yaani karibu theluthi mbili ya mafanikio yalipatikana bila umeme! Atakayesema yalikuwa matumaini tu ya mtu aliyetoka chumba cha upasuaji ana hoja. Ndiyo maana nauongeza utafiti mwingine wa Marekani, wa 2002, uliofuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa wakiukaribia ugonjwa wa kisukari. Hakuna aliyepandikizwa chochote. Waliokuwa na mshauri wa kudumu, wakaandika wanachokula, wakatembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, kwa asilimia 31.

Kinachoonekana kusaidia hapo ni mtu kujiona anavyokwenda, na kuwa na wa kumuuliza. Hilo Shanwe inaliweza. Wapo watakaosema Katavi ina watoto waliodumaa, unene tuwaachie wa mijini. Lakini wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 28 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na tangu hapo wameongezeka. Shida zote mbili zinaweza kuishi nyumba moja. Mama humpeleka mtoto kliniki, mtoto anapimwa, kadi inajazwa, mama mwenyewe anaondoka bila kupanda mzani. Apimwe naye, kwa faragha na bila kusimangwa, kwa sababu mwili unaopungua huongeza njaa ili kuurudisha uzito wake, na huo si uvivu wa mtu. Wapo ambao ushauri hautawatosha. Hao wanahitaji upasuaji au puto, na si haki kuwachelewesha. Wapewe rufaa mapema kupitia hospitali ya mkoa hapa Mpanda, wakiwa na kadi inayomwonyesha daktari wa Mloganzila uzito wao wa kila mwezi na yale waliyokwisha kujaribu.