Swichi Ndogo ya Pedali ya Breki

Juma lililopita tulijifunza habari za betri na fyuzi. Leo tutasoma juu ya kile kifaa cha motokaa kinachoshika mwendo, na namna ya kutafuta hitilafu yake ya umeme. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: waya, swichi, hitilafu. Wanafunzi wayasome kwa sauti.

Kwanza tujue kazi yake. Dereva akiwa na safari ndefu, tuseme kutoka Dodoma kwenda Singida, mguu huchoka kwa kukanyaga mafuta. Basi hubonyeza kitufe kilicho kwenye usukani, akaondoa mguu, na motokaa huendelea kwa mwendo ule ule. Aliyebuni kifaa hiki alikuwa Mmarekani, Ralph Teetor, mhandisi asiyeona tangu utotoni. Kampuni ya Chrysler ilianza kukitia katika motokaa zake za mwaka 1958.

Sasa sikilizeni vizuri. Kifaa hiki kina woga, na woga wake ni mwema. Kila wakati huuliza: je, dereva amekanyaga breki? Kikijibiwa ndiyo, huacha kazi mara moja. Kisipopata jibu lililo wazi, hukataa kabisa kuanza. Jibu hilo huletwa na swichi ndogo iliyo karibu na pedali ya breki, chini ya dashibodi. Ndani yake mara nyingi mna njia mbili za umeme. Njia ya kwanza imekatika; ukikanyaga breki huungana, na taa za breki huwaka. Njia ya pili ni kinyume chake: imeungana, na hukatika ukikanyaga. Njia hizi zikileta habari zinazopingana, kifaa hakiamini hata moja.

Kwa hiyo mtu asiwaharakishe kununua kompyuta mpya ya motokaa. Mimi siipendi hata kidogo desturi ya kubadilisha vyombo kwa kubahatisha, maana anayelipia ni mwenye motokaa.

Anzeni na jambo lisilo na gharama. Mwenzako aketi ndani akanyage breki, nawe simama nyuma. Je, taa zinawaka? Akiachia, zinazimika? Zisipowaka, tazama fyuzi, kisha balbu, kisha swichi. Zisipozimika, huenda swichi imekwama au imelegea mahali pake, na kifaa kinadhani mguu uko kwenye breki siku zote. Tena ziko motokaa za zamani ambazo balbu zote za breki zikiungua, kifaa hakifanyi kazi, kwa sababu waya wake hupitia kwenye balbu hizo ili kuifikia bodi ya motokaa. Hapo dawa ni balbu tu.

Taa zikiwaka vema, msiseme bado kwamba swichi ni nzima. Taa hutumia njia moja. Ile ya pili haijapimwa. Chukua mita ya umeme, fungua ufunguo, usikanyage breki. Katika motokaa nyingi utakuta volti 12 hivi kwenye waya unaoingia katika njia ya pili, na volti hizo hizo kwenye waya unaotoka. Umeme ukiingia usitoke, swichi imekufa. Mwenzako akikanyaga breki, umeme kwenye waya unaotoka sharti ukatike. Motokaa yenye klachi ina swichi ya namna hii kwenye pedali ya klachi pia, nayo husahauliwa mara nyingi.

Swichi zote zikiwa nzima, bonyeza honi. Honi ikiwa kimya nayo, shuku utepe wa nyaya uliojikunja ndani ya usukani, kwa kuwa vitufe vya usukani na honi huutumia pamoja. Lakini usifungue usukani mwenyewe! Mle mna mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, unaoweza kufyatuka na kumjeruhi mtu. Kazi hiyo mwachie fundi aliyejifunza.

Tena kuna mafundi wanaounga waya kwa waya ili kuikwepa swichi ya breki. Hilo ni kumwondolea dereva kinga yake. Swichi hii si ya kufanyiwa mzaha. Kati ya mwaka 1999 na 2009, kampuni ya Ford huko Marekani iliziita zirudi motokaa zaidi ya milioni 14 kwa ajili ya swichi moja ya kifaa hiki. Ilipata umeme wakati wote, hata motokaa ikiwa imezimwa. Mafuta ya breki yalipenya utando mwembamba ndani yake, kutu ikaingia, swichi ikapata joto, na motokaa zilizoegeshwa tu zikashika moto. Dawa mojawapo ilikuwa kutia waya wenye fyuzi, ile ile tuliyoisoma juma lililopita.

Kazi yenu ni hii. Nendeni wawili wawili kwa mtu mwenye motokaa, mwombeni ruhusa, mpime taa za breki. Andikeni katika daftari mistari mitano: mlitazama nini kwanza, mkaona nini. Juma lijalo tutasoma juu ya jenereta ya motokaa. Kwaherini.