Mawe Mawili, Anguko Moja? Mada kwa Wachimbaji Wadogo na Walimu wa Sayansi, Mpanda



Mtu akiokota mawe mawili ya vimondo, atajuaje kama yalianguka siku moja, kutoka kwenye mwamba mmoja? Wengi hujibu kwa kutazama mahali yalipookotwa. Nashikilia kwamba ukaribu wa mahali ni mwanzo tu wa uchunguzi.

Tutazame kwa majirani zetu. Ng'ambo ya Ziwa Rukwa, upande wa kusini, ndiko Ivuna, ambako kimondo kilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa takriban gramu 705. Kutoka hapo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 100 hadi kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa kama mita 3. Ukitazama ramani utashawishika kuviunganisha. Lakini habari za Mbozi zilitangazwa mwaka 1930, miaka 8 kabla ya anguko la Ivuna, na wenyeji walikifahamu kabla ya hapo. Tarehe imemaliza ubishi.

  

Mara nyingi hakuna aliyeshuhudia anguko, kwa hiyo tarehe haipo. Kwanza tujiridhishe kwamba mawe yenyewe ni vimondo. Huku kwetu mawe mengi mazito yanayovutwa na sumaku ni magnetaiti, na mengine ni mavi ya chuma yaliyoachwa na wafua chuma wa Ufipa kwenye malungu, yaani matanuri yao. Kimondo cha mawe kilichoanguka karibuni huwa na ganda jembamba jeusi lililoungua. Kikipasuka, mara nyingi punje za chuma hung'aa ndani.

Baada ya hapo ni kazi ya maabara. Kwa kimondo cha chuma hupimwa nikeli, galiamu, jerimaniamu na iridiamu. Kwa cha mawe hupimwa chuma kilichomo ndani ya madini ya olivini. Hapa kuna jambo la kuzingatia: aina adimu ni ushahidi mzito, aina ya kawaida ni ushahidi mwepesi. Mbozi hakimo katika kundi lolote kubwa la vimondo vya chuma, kwa hiyo chuma kingine chenye kemia ileile kikiokotwa, tutakuwa na sababu nzuri ya kukiita pande lake. Lakini mawe mawili ya aina L, ambayo ni miongoni mwa aina zinazoanguka mara nyingi zaidi, yanaweza kuwa kwenye mbuga moja na bado yakapishana kwa maelfu ya miaka.

Kinachosaidia hapo ni kaboni-14. Jiwe likiwa angani, mionzi hulipiga na kutengeneza kaboni hiyo. Likishatua, hewa hulikinga, na kaboni hupungua nusu kila miaka 5,730. Hata hivyo kipimo hiki kisisomwe peke yake, kwa kuwa kipande kilichokuwa katikati ya mwamba mkubwa kilipigwa na mionzi michache kuliko cha juu.

Tofauti ya aina nayo haimalizi shauri. Tarehe 7 Oktoba 2008 kimwamba kimoja kilipasuka juu ya jangwa la Sudan. Mawe mengi yaliyookotwa yalikuwa ya aina ya ureiliti, na mengine yalikuwa kondriti za aina mbalimbali, yote ya anguko moja.

Ndiyo maana ramani ya mtawanyiko wa vipande ina thamani kubwa. Huko Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 vipande viliangukia makazi ya watu, na kikubwa kilikuwa na kilo 27.4. Kwa kawaida vipande vidogo hupunguzwa kasi mapema na hewa, na vizito husonga mbele. Mpangilio huo ukionekana ardhini, ni ushahidi ambao maabara haiwezi kuutengeneza baadaye.

Ndugu wachimbaji, ushahidi huo uko mikononi mwenu. Ukikuta jiwe unalolishuku, lipige picha kabla ya kulinyanyua, andika vipimo vya GPS kutoka kwenye simu, lipime kwenye mzani wa dhahabu, kisha lifunge peke yake kwenye karatasi safi. Usilioshe kwa asidi, usilichome, usilipeleke kwenye karasha. Ukipata la pili, fanya vivyo hivyo, wala usiyaweke kwenye mfuko mmoja. Kisha toa taarifa kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ukiambatanisha maelezo ya kila jiwe na mahali lilipookotwa.