Shoti na Mkato: Mbinu za Kamera na Uhariri kwa Watengenezaji Filamu wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Mada hii inachambua mbinu za kawaida za upigaji picha na uhariri katika filamu na televisheni, kwa kuzingatia mahitaji ya vijana wa Mazwi, mjini Sumbawanga, na viunga vyake ambao hurekodi kwa kamera ndogo au simu za mkononi na kuhariri kwa kompyuta za kawaida. Hoja inayojengwa ni kwamba kila shoti na kila mkato humpangia mtazamaji ajue nini, akijue lini na kwa kiasi gani; kwa hiyo ubora wa kazi hutokana kwanza na maamuzi ya muongozaji na mhariri, na bei ya kamera hufuata nyuma.

2.0 Usuli: Mtazamaji wa Afrika Mashariki

Mjadala kuhusu uwezo wa mtazamaji wa Afrika Mashariki kuelewa picha jongefu ulianza zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio wa sinema za elimu kwa Waafrika, ambao ulitoa filamu 35 na kuzungusha maonyesho yake kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa Uingereza mwaka 1939, kilishikilia baadaye, kupitia kwa mkuu wake William Sellers, kwamba filamu za Waafrika ziwe na mwendo wa polepole na hadithi nyoofu, ziepuke mikato ya haraka na hila za kamera, kwa madai kwamba mtazamaji angechanganyikiwa. Dai hilo lilichukua ugeni wa chombo, ambao humpata yeyote anayekutana na sinema kwa mara ya kwanza popote duniani, likaufanya kuwa maumbile ya Mwafrika.

Vibanda vya video vimelijibu dai hilo kwa vitendo. Filamu za mapigano kutoka Hong Kong, Marekani na India, zenye mikato ya kasi, zilipendwa sana na watazamaji wa Tanzania, na wasimulizi kama Lufufu, aliyejipatia jina kwa kuzitia sauti ya Kiswahili, walitafsiri mazungumzo na kuyasogeza matukio karibu na maisha ya Kitanzania. Kilichohitaji mkalimani kilikuwa lugha ya wahusika. Lugha ya kamera watazamaji walikwisha kuizoea.

3.0 Mbinu za Kamera

3.1 Ukubwa wa shoti

Shoti ni kipande cha picha kinachorekodiwa mfululizo tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa, na shoti kadhaa za mahali pamoja na wakati mmoja huunda sini. Picha ya mbali huonyesha mahali na nafasi ya mtu ndani yake. Picha ya wastani, inayomchukua mtu kuanzia kiunoni, huonyesha matendo na mahusiano. Picha ya karibu huonyesha uso au kitu kimoja, na picha ya karibu sana hutenga sehemu ndogo, kama vile jicho au ncha ya sindano.

Sini ya mkulima na mnunuzi wa mahindi wanaobishania lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, inadhihirisha tofauti hizo. Picha ya mbali itaonyesha ghala, lori na rundo la magunia, hivyo mtazamaji atajua ukubwa wa biashara. Picha ya wastani itawaweka wabishi wawili pamoja na gunia katikati yao. Picha ya karibu ya mkono wa mshonaji, unaovuta kamba huku mahindi yakizidi kumiminwa, itaeleza dhuluma yenyewe bila mhusika yeyote kuitaja. Muongozaji akianza na mkono huo, mtazamaji atauliza kinachoendelea. Akiuchelewesha, mtazamaji atapata jibu la ubishi alioanza kuusikia. Picha zitakuwa zilezile, lakini mpangilio utakuwa umebadili maana.

3.2 Pembe na mwendo wa kamera

Kamera iliyowekwa usawa wa macho humpa mtazamaji nafasi ya mtu aliyepo hapo. Ikiwekwa chini na kutazama juu humkuza mhusika, na ikiwekwa juu na kutazama chini humdunisha, ingawa kanuni hii si amri, kwa kuwa maana ya pembe hukamilishwa na hadithi. Kuhusu mwendo, kamera inaweza kugeuzwa pembeni ikiwa juu ya stendi yake, kuinuliwa au kuinamishwa, ama kusogezwa yenyewe kumfuata mhusika. Ukingo mrefu wa Lyamba lya Mfipa, unaoporomoka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, huhitaji kamera igeuke taratibu. Maporomoko ya Kalambo, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, huhitaji kamera iinamishwe kuyafuata maji hadi chini. Kuvuta picha kwa lenzi bila sababu, jambo linaloonekana sana katika video za harusi, humchosha mtazamaji kwa kumwahidi jambo ambalo halitokei.

4.0 Mbinu za Uhariri

Mkato ni kiungo cha moja kwa moja kati ya shoti mbili. Nguvu yake ilidhihirishwa na Mrusi Lev Kuleshov, ambaye baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 aliunganisha uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na picha tofauti, zikiwamo za bakuli la supu na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso huo mara moja na huzuni mara nyingine, ilhali uso haukubadilika.

Mikato inayohitajika mara kwa mara ni ya aina chache. Mkato wa kufuata kitendo huunganisha shoti mbili katikati ya tendo moja, kama vile mtu anayeanza kuketi katika picha ya mbali na kumaliza kuketi katika picha ya karibu, na kwa hiyo kiungo hufichika. Mkato sambamba hupishanisha matukio ya mahali pawili ili yaonekane kutokea kwa wakati mmoja. Mkato wa kuruka, ulioenezwa na filamu ya Jean-Luc Godard iliyotoka Ufaransa mwaka 1960, À bout de souffle, huondoa sehemu ya kati ya shoti moja na kuacha mshtuko uonekane wazi. Kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine huashiria kupita kwa muda, na kufifia hadi giza hufunga sura ya hadithi. Sauti nayo huweza kutangulia picha: honi ya basi ikisikika juu ya uso wa mama aliye jikoni, mtazamaji huwa amekwisha kufika stendi kabla ya kuiona.

Katika mazungumzo ya watu wawili, kamera hubaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaowaunganisha, yaani ndani ya digrii 180. Kamera ikiuvuka mstari huo bila kumwonyesha mtazamaji, mkulima na mnunuzi wataonekana wakitazama upande mmoja, kana kwamba hawazungumzi pamoja.

Filamu nyingi za Kitanzania hurefusha sini ya gari kufika getini: honi inalia, mlinzi anafungua, gari linaegeshwa, mwenyeji anashuka. Sini hiyo ina kazi iwapo hadithi inahitaji mtazamaji apime utajiri wa mwenye nyumba. Ikirudiwa mara ya pili bila habari mpya, mhariri anapaswa kukata kutoka kwenye honi hadi mazungumzo ya sebuleni.

5.0 Mfano wa Matumizi: Tanuri la Chuma la Wafipa

Filamu ya kumbukumbu kuhusu ufuaji wa chuma wa Wafipa ingezihitaji mbinu hizi karibu zote. Ilungu, tanuri la udongo refu kumzidi mtu, lilijazwa kuni, makaa na mawe ya chuma, likavuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto, na moto uliendelea kwa siku kadhaa. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto. Picha ya mbali yenye mtu kando ya ilungu ingeonyesha kimo, kamera ikiinuliwa ingeifuata njia ya hewa kutoka matunduni hadi mdomoni, picha za karibu zingeonyesha mikono na mivukuto, na kuyeyusha picha za moto wa mchana ndani ya moto wa usiku kungefupisha siku kuwa sekunde. Hata hivyo, mhariri asifupishe hadi kazi ionekane rahisi: shoti moja ndefu ya mpakiaji anayepanda na mzigo, ikiachwa bila mkato, ingemfanya mtazamaji ahisi uzito ambao maelezo ya msimulizi hayawezi kuufikisha.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kila kikundi kiandae orodha ya shoti kabla ya kurekodi, kikieleza kando ya kila shoti ni habari gani mpya inampa mtazamaji, na kwamba wakati wa kuhariri kila shoti isiyo na jibu iondolewe. Kwa mjadala, washiriki wanaombwa kuzingatia maswali mawili: je, sini ya lumbesa ianze na picha ya mbali au ya karibu, na kwa sababu gani? Na je, mtazamaji wa Mazwi asiyewahi kuona ilungu anahitaji kuonyeshwa nini ambacho mzee wa Ufipa hakihitaji?