Barabara ya Morogoro ni ya nani?

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imegawanywa upya: mabasi katikati, magari kandoni, kisha baiskeli na waenda kwa miguu. Wenye magari hulalamika kwamba njia ya katikati i tupu huku wao wamekwama kwenye foleni. Lakini basi moja refu hubeba abiria zaidi ya 100. Wakipanda gari kila mtu na lake, foleni yao itapita nusu kilomita. Mabasi yamekuwa machache, kweli, na vituoni watu husongamana. Hapo dawa ni kuyaongeza, si kuwafungulia njia wenye magari. Kinachonitia shaka zaidi ni pembeni, ambako bodaboda na meza za biashara humsukuma mwenda kwa miguu barabarani, na abiria wa mwendokasi hufika kituoni kwa miguu.