Sarufi Isifute Maneno ya Mkulima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Bariadi)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu walimu na watumishi,

Nimesema "ndugu zangu", wala hakuna mwalimu aliyeshika kalamu nyekundu. Lakini mtoto wa mfugaji wa hapa Bariadi akiandika "ng'ombe zangu" hukatwa alama, akaambiwa kwamba ng'ombe ni kiumbe mwenye uhai, hivyo aandike "ng'ombe wangu". Je, ndugu hana uhai? Wajuzi wa sarufi hujibu kwamba ndugu, rafiki, shangazi na wenzao wana ruhusa yao. Ni kweli. Ila ruhusa hiyo imetokana na desturi ya wasemaji tu.

Yafaa tukumbuke asili ya sarufi hii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na kamati ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Basi msingi wa kanuni zetu ni mazungumzo ya watu wa mahali pamoja, yaliyopewa heshima ya serikali. Sisemi hivyo kwa dharau. Taifa lilihitaji lugha moja, nayo imetufaa sana.

Lakini liko jambo zito zaidi ya alama za darasani. Mkulima wa pamba anakwenda kwa mtendaji kushitaki: "Ng'ombe zake zinaingiaga shambani kwangu." Mwandishi wa maelezo, kwa kujivunia elimu yake, anaandika: "Ng'ombe wake waliingia shambani kwangu." Sentensi imetakata, shitaka limekufa. Mkulima alilalamikia hasara ya kila mara. Karatasi inataja siku moja.

Hiyo "-ag-", ambayo Kisukuma kinayo pamoja na lugha nyingi za Kibantu, si uchafu wa ulimi. Ina utaratibu wake: "anaingiaga", na katika kukanusha "haingiagi". Sanifu inayo "hu-", na mwandishi yule angeandika "huingia" asipoteze kitu. Hata hivyo "hu-" haibebi nafsi, haina ukanushi wake, na "huenda" hiyo hiyo ina maana ya labda. Wasemaji wa Kanda ya Ziwa wameziba pengo ambalo vitabu vimeliacha wazi.

Mtihani unataka sanifu, na mwanafunzi afundishwe sanifu barabara. Lakini aonyeshwe kwamba "anaingiaga" hugeuzwa kuwa "huingia", siyo "aliingia". Mwalimu anayeandika "kosa" pembeni na kufunga daftari hajafundisha neno. Amemtia mtoto woga wa kusema.

Nanyi watumishi, yaandikeni kwanza maneno ya mwananchi kama alivyoyatamka, ndipo muyaweke katika sanifu chini yake. Kisha msomeeni kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Akisema, "Siyo siku moja, zinaingiaga," karatasi hiyo ichanwe, iandikwe nyingine.